Ndege Ile Ilipita Juu Yetu

“Mwalimu, hii haituhusu.”

Niliambiwa hivyo mbele ya wanafunzi wawili niliofuatana nao, kwenye maonyesho ya kazi za mikono ya shule moja ya mkoa wetu wa Kigoma. Meza yetu ilikuwa imebanwa kati ya jiko banifu na mfano wa tangi la kuvunia maji ya mvua. Juu yake tuliweka ndege ya mianzi na karatasi, upana wa mbawa kama shubiri moja, ikining'inia kwenye waya juu ya gati la mbao. Msimamizi akaja, akasoma kibao chetu, akatikisa kichwa. Akasema hiyo ni ndege ya vita ya wakoloni, kuiunda ni kuwatukuza watu waliotugawana kama nyama ya buchani, na watoto wafundishwe vitu vyenye manufaa. Akatuomba, kwa adabu, hilo sina budi kulikiri, tuiondoe kabla mgeni rasmi hajafika. Tukaishusha chini ya meza, tukaifunika kwa kitenge. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa kidato cha pili aliyekesha usiku tatu akikata mbavu za mbawa kwa wembe, alisimama pale saa nzima, mikono nyuma, hana cha kumweleza mtu.

Tangu siku hiyo nimelisikia neno lile kila ninakopita. Kwenye kahawa pale Ujiji wazee wenzangu wamemuunga mkono msimamizi. Kule Mwanga, vijana wa bodaboda wameniuliza kama mstaafu hana shamba la kulima. Binti yangu mwenyewe, anayenipenda na asiyenisema kwa ubaya, aliniambia: “Baba, kama ni kuchonga, si uchonge mtumbwi?” Wote wana hoja moja. Vita vile, Vita Kuu ya Kwanza, vilikuwa vya Wazungu kwa Wazungu. Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza waligombea Ziwa Tanganyika, ziwa lisilo lao, wakapigana, mwisho wakaondoka. Mwafrika anayekaa chini kuunda ndege ya vita hivyo ama ana kasumba ama ana muda wa kuchezea.

Nawaheshimu wote waliosema. Lakini wamekosea, na jambo walilolikosea ni kubwa.

Kwanza, ndege ile tuliipataje? Huko nje maduka ya mifano ya ndege yamejaa Spitfire ya Mwingereza na Messerschmitt ya Mjerumani, ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili, zikiuzwa kwenye maboksi. Ndani unakuta vipande vya plastiki vimeshikamana kwenye fremu. Kazi yako ni kukata, kubandika na kupaka rangi. Ndugu yangu aliyeko Maskati aliniletea boksi moja la Spitfire. Ni ndege nzuri, na sijutii majuma mawili tuliyoyatumia. Rangi ilipokauka, mvulana mmoja wa Kibirizi aliizungusha mkononi akaniuliza: “Mwalimu, hii iliwahi kufika Kigoma?” Nikamjibu haikufika. Akauliza: “Sasa ipi ilifika?”

Naomba msomaji alitazame vizuri swali hilo. Mtoto alikuwa na mojawapo ya ndege maarufu kabisa duniani mkononi mwake, akaiweka mezani, akataka kujua ya kwao. Hapo kasumba iko wapi?

Na jibu lipo, tena lina tarehe. Tarehe 10 Juni 1916 ndege ya Wabelgiji iliyotokea ng'ambo ya ziwa ilifika juu ya bandari ya Kigoma ikadondosha mabomu, ikiilenga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Ndege yenyewe iliundwa Uingereza, aina ya Short 827, mojawapo ya nne ambazo Waingereza waliwaazima Wabelgiji. Zilisafirishwa kwa meli hadi mlango wa mto Kongo, zikapandishwa bara kwa reli na kwa meli za mtoni, mpaka upande wa Kalemie, mji ulioitwa Albertville enzi za ukoloni. Rubani anayekumbukwa zaidi wa kikosi kile ni Aimé Behaeghe. Naye hakuumaliza mwaka. Alifia Kongo Desemba 1916.

Haikuwa ndege ya kuwinda ndege nyingine angani. Kazi yake ilikuwa kupeleleza na kudondosha mabomu. Ilibeba watu wawili, ina mbawa za juu na za chini, na badala ya magurudumu ina maboya, mawili makubwa mbele na madogo mkiani na kwenye ncha za mbawa, kwa kuwa iliruka kutoka majini na kutua majini. Upana wa mbawa ulikuwa mita 16.43, injini ya Sunbeam yenye nguvu za farasi 150, na mwendo wake wa juu kabisa haukuzidi sana kilomita 100 kwa saa. Basi la Kasulu kwenye lami linaufikia mwendo huo. Hakuna boksi la plastiki dukani lililotuwekea ndege ile pamoja na gati letu, kwa hiyo tuliichonga wenyewe kwa kipimo cha 1 kwa 72, kipimo cha ile Spitfire, ili mtoto aziweke mbili pamoja na aone.

Mbavu za mbawa ni mianzi iliyopasuliwa mpaka ikawa myembamba kama njiti ya kiberiti. Mwili na maboya ni ubua wa kuti la mchikichi, mwepesi, unakatika kwa wembe bila kupasuka. Nyaya zinazozuia mbawa zisipinde, ambazo kwenye ndege ya kweli zilikuwa za chuma, kwetu ni nyuzi za wavu wa dagaa uliotupwa mwaloni. Karatasi tuliibandika kwa uji wa unga wa muhogo, na hapo tulipata adhabu: uji ulipokauka ulivuta, mbawa ya juu ikajikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua, na kazi ya siku nne ikarudi mwanzo. Mara ya pili tulibandika pande zote mbili kwa pamoja, ili mvuto wa huku uzuiwe na mvuto wa huku.

Nayataja haya kwa sababu wanaosema “haituhusu” wanadhani kuunda ni kunakili picha. Hawajui mikono inavyouliza. Tulipomaliza maboya, marefu, bapa kwa chini kama masanduku, tuliyaweka kwenye beseni la maji yaliyotulia tukayainua kwa uzi. Yaling'ang'ania. Maji yaliyashika kama tope linavyoshika kandambili. Msichana yule akalitikisa beseni kidogo, maji yakapata viwimbi, maboya yakaachia. Nikakaa kimya. Nilikuwa nimesoma kwamba Wabelgiji walianzia Mtoa wakashindwa na ziwa, wakahamia ziwa dogo la pembeni liitwalo Tungwe, na nilikuwa nimeusoma mstari huo kama mtu anavyosoma ratiba ya treni. Sasa nikauelewa. Maji yakilala kabisa, ndege haing'oki. Yakichafuka, mawimbi yanavunja maboya. Na juu ya maji hewa yenyewe ni nyepesi, maana Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na jua linaichemsha. Farasi 150 wa Uingereza hawakuwa farasi 150 walipofika hapa.

Nikamweleza hayo fundi mmoja wa maboti pale Kibirizi. Hakushangaa. Aliniuliza tu walikuwa wakiondoka saa ngapi, asubuhi au mchana, kisha akanieleza kwa nini mtu anayelijua ziwa hili asingethubutu kuondoka mchana wa kiangazi. Huyo hajawahi kugusa ndege. Ila katika nusu saa aliongezea kwenye habari ya vita vile jambo ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma. Mtaniambiaje kwamba halimhusu?

Na Mtoa ni wapi? Mzee yeyote wa Ujiji aliyesimuliwa habari za misafara analijua jina hilo. Ndipo, kule ng'ambo upande wa Kongo, misafara kutoka Manyema ilipofikia ziwa na kupanda mitumbwi kuja Ujiji, na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Wengi wa mababu wa Wamanyema wa Ujiji walivukia maji hayo hayo. Ndege ya 1916 ilipoondoka ng'ambo ikaja kwetu ilifuata njia ambayo watu wetu walikwishaililia. Mimi nikiwa na damu hiyo mwilini siwezi kuambiwa kwamba hiyo ni historia ya Brussels.

Tuje kwenye hoja yao kubwa, kwamba vilikuwa vita vya Wazungu. Nani aliyebeba? Jina la Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita hivyo. Waafrika waliobebeshwa mizigo na pande zote wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Waliokufa kwa njaa, kuhara na homa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Askari wa Wajerumani walikuwa wetu. Askari wa Wabelgiji walioingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 walikuwa Wakongo. Tukisema vita vile si vyetu, tunawafuta hao wote kwa neno moja, na tunawafuta kwa hiari yetu, bila mkoloni kutushika mkono.

Chukueni meli yenyewe iliyolengwa. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilipokamilika ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na kuletwa Kigoma kwa reli, reli iliyokuwa imefika hapa mwaka 1914. Ikaungwa upya kando ya maji, ikashushwa ziwani Februari 1915. Yaani hata hapa kiliwahi kuletwa kitu kikiwa vipande ndani ya maboksi, nacho ni meli ya mita 71. Wajerumani walipoona mwisho umefika, Julai 1916, waliipaka mashine grisi na kuizamisha wenyewe. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba hiyo hiyo. Meli iliyobeba mama zetu na magunia ya dagaa kwenda Kasanga, iliyowarudisha maelfu ya wakimbizi Kongo mwaka 1997, iliyowachukua Warundi pale Kagunga mwaka 2015. Watu wa mji huu wanaipenda meli ile, wanaiita yetu, na wana haki. Lakini bomu la 1916 liliilenga meli hiyo. Huwezi kuichukua meli ukakataa bomu.

Sasa fungua kitabu chochote cha habari za kuungwa kwa meli hiyo. Utakuta majina matatu: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, mafundi waliotumwa kutoka Papenburg. Sina ugomvi nao. Walikuwa mafundi hodari. Lakini watu watatu hawabebi makasha 5,000. Hawapigi maelfu kwa maelfu ya ribiti, kila moja ikipigwa ikiwa nyekundu ya moto. Waliofanya hivyo walikuwa vibarua wa hapa na mafundi wengine walioletwa, na wao vitabuni ni idadi tu, kama mifuko ya saruji. Anayesema “haituhusu” anadhani anamkomoa mkoloni. Kwa kweli anamaliza kazi ambayo mkoloni aliiacha nusu.

Kwa hiyo kwa binti yangu, kuhusu mtumbwi: upo. Kwenye ubao unaobeba mfano wetu ipo mitumbwi miwili imeegeshwa pembeni mwa gati, mmoja una nyavu. Sikuona haja ya kuchagua kati ya mtumbwi na ndege, kwa sababu siku ile vilikuwa mahali pamoja.

Nimefika kwenye jambo ambalo limeniletea lawama kutoka upande wa pili kabisa, upande wa watu wanaopenda kazi hii kuliko mimi. Ndege yangu nimeibadilisha. Ndugu yangu wa Maskati, ambaye ana kabati zima la ndege za plastiki, nilimpigia picha nikamtumia, akanijibu kwa masikitiko: “Kaka, umeiharibu.” Hakuona viti vya marubani. Hakuona alama ya taifa. Upande wa juu wa mbawa karatasi imeachwa tupu, haina hata rangi, ilhali kwa chini kila ubavu umechorwa, kila uzi umekazwa, maboya yana mistari ya mbao, na doa la mafuta ya injini lipo. Kwake yeye, na kwa wengi wa fani hii duniani, sheria ni moja: mfano uwe sawasawa na kitu chenyewe, na ukibadilisha umedanganya.

Sawasawa machoni pa nani? Hilo ndilo swali ninalomrudishia. Picha zote nilizoziona za ndege zile zilipigwa na wenyewe, wamesimama ubavuni mwake, au ndege imekaa majini imetulia. Mfano ukifuata picha hizo, unaiona ndege kama rubani na fundi wake walivyoiona. Mpagazi aliyekuwa kwenye gati la Kigoma hakuona viti. Hakuona upande wa juu wa mbawa. Hakuna mtu wa Kigoma aliyeuona. Aliona tumbo. Aliona maboya mawili kama mitumbwi inayopita angani, kitu ambacho hakuna mtu wa mwambao huu aliyewahi kukiona tangu kuumbwa kwa ziwa, na alisikia mngurumo. Basi tumeiunda hivyo. Imetundikwa juu, na ukitaka kuiona vizuri huna budi kuchuchumaa mpaka macho yako yalingane na gati. Tuliacha kuweka alama ya taifa kwa makusudi. Kwa mtu aliye chini ya bomu bendera haina kazi.

Je, huo ni uongo? Ungekuwa uongo kama tungeficha. Kibao kinaeleza kila tulichobadilisha na kwa nini. Uongo ni ule unaoitwa ukamilifu, unaokuonyesha kila msumari wa ndege halafu usikuonyeshe hata mtu mmoja aliyekuwa chini yake.

Tena katika vita hivi hivi lipo jambo ambalo linapaswa kuwanyamazisha wanaodharau vitu vya kuchongwa. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105, uliotolewa kwenye manowari ya Königsberg iliyoangamizwa delta ya Rufiji Julai 1915. Ikafika wakati mwaka 1916 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akauhitaji mzinga huo kwenye mapigano ya nchi kavu. Ukang'olewa. Na ili adui akitazama kwa darubini aendelee kuona meli yenye silaha, mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Mfano! Kitu cha kuchongwa, chenye ukubwa na umbo la kile cha kweli, kimesimama mbele ya meli kikifanya kazi ya vita. Pale Kigoma, katika bandari hii, mti uliochongwa vizuri ulihesabiwa kuwa silaha.

Tumeuweka kwenye ubao wetu, juu ya omo ya meli inayoonekana pembeni. (Meli nzima kwa kipimo chetu ingefika karibu mita moja, meza isingetosha.) Tumeukusanya mzinga na ndege mahali pamoja kama mambo mawili ya mwaka mmoja, na kibao kinasema hivyo. Msichana wangu aliuchonga kwa mninga, akausugua kwa msasa mpaka ukateleza. Alipoubandika alisema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kila kitu kwenye ubao huu kinaigiza kitu kingine, ubua unaigiza mbao, uzi unaigiza chuma, ila mzinga ni mti unaosimama kwa ajili ya mti. Nilimsikiliza nikamkumbuka akiwa amesimama mikono nyuma kwenye yale maonyesho, na nikaona hasira yangu haikuwa bure.

Wanaosema ni mchezo wa watoto nawajibu kwa ufupi, kwa sababu hata wao hawaamini. Nendeni jumba la makumbusho la Livingstone, hapo hapo Ujiji, penye miembe. Ndani zimesimama sanamu mbili za ukubwa wa binadamu, Livingstone na Stanley, wakikutana kama walivyokutana mwaka 1871. Ni mifano. Hakuna aliyeziita wanasesere. Wageni wanalipa kiingilio kuziona, na sisi tunawapeleka watoto wetu kwa mstari. Nendeni Dar es Salaam mkamwone askari wa shaba pale kwenye mnara wa Askari, tangu 1927, bunduki mkononi. Madereva wanauzunguka kila siku na hakuna anayesema ung'olewe kwa kuwa vita vile havituhusu. Kwa hiyo tatizo halikuwa mfano, wala halikuwa vita. Tatizo ni nani aliyeuunda. Mfano ukija na wageni unaitwa makumbusho. Ukitoka kwenye mikono ya mtoto wa Kibirizi, kwa ubua na uzi wa dagaa, unaitwa kupoteza muda. Hilo linaniuma, nalisema waziwazi. Mtu mweusi akitazama vita vya wakoloni kwa jicho lake mwenyewe ndipo anaambiwa anawaabudu wakoloni.

Hoja moja tu ndiyo iliyonikosesha usingizi, na haikutoka kwa msimamizi. Ni kuhusu wakimbizi. Mkoa huu umepokea watu wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu iko hapa tangu 1996. Katika darasa lolote la Kigoma kuna uwezekano wa kukuta mtoto ambaye wazazi wake walikimbia milipuko. Je, ni haki kumtundikia ndege ya mabomu juu ya kichwa, hata kama ni ya ubua?

Nilikuwa sina jibu. Nililipata kwa mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge, aliyefika nyumbani kumletea mke wangu mzigo akaiona ndege ukumbini. Nilitaka kuifunika. Akanizuia kwa mkono. Akaweka furushi lake chini, akachuchumaa bila kuambiwa, akaitazama kwa chini kwa muda mrefu. Kisha akaangalia gati, wale watu wadogo tuliowachonga, urefu wao sentimita mbili na ushei, vibarua saba na askari mmoja.

“Baba,” akaniambia, “watu wako wote wamesimama.”

Nikamwambia ndiyo, wanatazama juu.

“Watu hawasimami.”

Akachukua furushi lake, akaingia ndani kwa mke wangu. Hakusema jingine na mimi sikumuuliza. Ila jioni ile tuliwang'oa wanne. Wawili sasa wamelala kifudifudi, mmoja amejibana nyuma ya gunia, mmoja anakimbilia kwenye mitumbwi. Waliobaki wamesimama ni wale ambao hawajajua bado kitu kile ni nini, maana ilikuwa mara ya kwanza. Hayo ndiyo mabadiliko bora kuliko yote niliyofanya kwenye kazi ile, na yametoka kwa mtu ambaye, kwa hesabu za wanaotulinda, ndiye aliyepaswa kukingwa asiione. Yeye hakutuambia haimhusu. Alitusahihisha.

Kwa hiyo sitaiondoa tena mezani. Shule yoyote ya mkoa huu ikituita tutakwenda na ubao mzima, na tutaomba meza ya kona, ili watu wapate nafasi ya kuchuchumaa. Msimamizi akitaka kuondoa kitu, aniambie ni kosa gani lililo kwenye mfano: tarehe, kipimo, au mtu aliyesahauliwa. Nitalisahihisha palepale. Neno “haituhusu” peke yake silipokei.

Kazi iliyobaki ni ya kibao. Juu kuna majina ya watu ambao kila kitabu kinawataja: Rüter, Tellmann, Wendt, Behaeghe. Chini yao tumeacha nafasi ya sentimita nne, tupu. Kama babu yako au baba wa babu yako alibeba makasha ya meli ile, alipiga ribiti, alivuta kamba bandarini, au alikuwa Kigoma siku ndege ilipopita na nyumbani kwenu jina lake bado linatajwa, mlete mtoto aje aniambie. Hata kama ni jina moja bila la baba, linatosha. Tunaandika kwa kalamu ya wino mweusi, herufi ndogo, ili waenee wengi.